Dakika Mbili Zimebaki

Alasiri ya Jumamosi moja, katika duka dogo la kompyuta lililo nyuma ya barabara kuu ya Kakuma, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, mahali ambapo watu hupigiwa chapa barua, hutolewa nakala za vitambulisho na hujaziwa fomu za kila namna, niliketi juu ya kiti cha plastiki nikiutazama ufito wa rangi ya samawati ukitambaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia katika kioo, na chini yake maandishi madogo yaliyonijulisha kwamba zimebaki dakika 2. Nilikuwa nikipeleka Nairobi mazungumzo ya wazee niliyoyanasa kwa muda wa siku tatu, na katika msikiti usio mbali na pale mwadhini alikuwa ameanza kuadhini. Kwa kuwa dakika 2 si muda wa kumpotezea mtu sala, nilimwambia kijana mwenye duka kwamba nitangoja kazi imalizike, kisha niende.

“Mzee, nenda ukaswali tu,” akanijibu bila ya kuinua macho katika simu yake. “Hizo dakika mbili ni za kompyuta.”

Nikaenda, nikaswali, nikapita mtaa wa Wahabeshi katika Kakuma 1, sehemu ya kambi ya wakimbizi, nikanywa vikombe viwili vya kahawa kwa mama mmoja aikaangaye mbele ya wateja ili moshi wake uwafikie kabla ya kikombe, nikarejea dukani nikakuta zimebaki dakika 2. Jua lilipokaribia kuchwa zilikuwa zimekuwa dakika 47. Sikuudhika kama nilivyostahili kuudhika, maana tangu hapo nilikuwa nimeshikwa na shauku ya kujua ni hesabu ya namna gani hii, iwezayo kurudi nyuma ilhali kazi yenyewe inakwenda mbele.

Ufito ule, katika Kiswahili cha waliozifasiri programu za kompyuta, huitwa upau wa maendeleo, na jina hilo lina maana kubwa zaidi labda ya ile waliyoikusudia. Upau, kwa sisi tuliokulia chini ya paa la makuti, ni ule mti mwembamba ulazwao juu ya makombamoyo ili makuti yapate pa kufungwa. Na mwezekaji aijuaye kazi yake huzihesabu pau zilizosalia, akaangalia jua, akakwambia kama nyumba itakwisha leo au itangoja kesho. Aghalabu husema kweli, kwa sababu pau zake zinalingana, na mkono wake wa alasiri ni ule ule wa asubuhi. Kompyuta nayo huhesabu kama mwezekaji, ila pau zake hazilingani, na mkono wake si wake peke yake.

Zamani, mtu aliyeiamrisha kompyuta kazi ndefu alikuwa akiketi mbele ya kioo kisichotamka neno, asijue kama mashine inashughulika au imekwisha kufa. Mwaka 1985 Brad Myers, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, alitoa makala juu ya faida ya kumwonyesha mtu kiasi cha kazi kilichotimia. Aliwapa wanafunzi wenzake 48 kazi ya kutafuta habari katika hazina ya kompyuta, mara wakiwa na upau wa kuutazama, mara wakiwa hawana. Na asilimia 86 wakasema kwamba waliupenda. La ajabu katika habari hiyo ni kwamba watu hawakujali sana kama upau ulisema kweli. Walitaka kuambiwa neno, lolote lile, kuliko kunyamaziwa. Nadhani kila aliyewahi kusimama katika foleni ndefu mbele ya dirisha lililofungwa analifahamu jambo hilo bila ya kwenda Toronto.

Basi tuitazame hesabu yenyewe. Juu ya uso wake ni sahali kabisa: chukua kazi iliyobaki, uigawe kwa kasi ya kazi, upate wakati. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kiasi cha kilomita 120. Gari likiwa limekwenda kilomita 60 kwa dakika 50, abiria yeyote aliyepita darasa la nne atakwambia kwamba zimebaki dakika 50 nyingine, na atakuwa amefanya hesabu sahihi juu ya jambo asilolijua. Kwani dakika 50 za kwanza ni habari ya njia iliyokwisha kupitwa, na swali linahusu njia ambayo haijapitwa. Ngamia wa mbele hawamo katika hesabu hiyo, wala kizuizi cha askari, wala gurudumu litakalotoboka.

Wala laga. Msomaji wa pwani asiyezijua laga afahamu kwamba ni mito mikavu, mchanga mtupu kwa miezi mingi, ambamo watu hupita kwa miguu na mbuzi hulala. Na ya kwamba mvua ikinyesha mbali vilimani, mahali ambapo aliyeko chini hauoni hata umeme wake, maji huteremka kwa ghafula chini ya mbingu isiyo na wingu, na njia ikakatika. Kabla ya barabara hii kutandikwa lami mpya, madereva wa Turkana walikuwa na adabu moja ambayo sikuielewa mpaka nilipoanza kuzichunguza pau za kompyuta: ukimwuliza dereva mtafika saa ngapi, hakukutajia saa. Alikutajia laga. Alisema tukiikuta hii kavu, na ile nyingine ikiwa kavu, tutalala Kakuma. Nilidhani ni uvivu wa kujibu. Kumbe alikuwa akinipa jibu la pekee lililokuwa na ukweli ndani yake.

Mitandao ya simu na kompyuta ina laga zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa zilazwazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na watu wa Kenya, Tanzania na nchi jirani, ambao wengi wao hawajapata kusikia majina ya nyaya hizo, wakaona simu zao zimekuwa nzito kama zilizotiwa mawe. Mtu wa Lodwar aliyekuwa akipakua kitabu siku hiyo alikuwa na upau uliojaa hesabu nzuri ya dakika zilizotangulia. Mvua ilikuwa imenyesha mbali.

Lakini hata siku ambayo hakuna waya uliokatika, kasi haitulii, na sababu yake imo katika desturi ya kompyuta zenyewe. Mwezi wa Oktoba 1986, katika Marekani, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho umbali wa yadi 400 tu ilidhoofika, ikatoka biti 32,000 kwa sekunde ikaanguka hadi biti 40, kwa sababu kila mashine ilikuwa ikisukuma mzigo wake bila ya kuwajali wengine, na mzigo uliopotea ukapelekwa tena, msongamano ukazidi. Van Jacobson wa maabara hiyo alitafuta dawa, akaieleza mwaka 1988, na dawa hiyo ndiyo adabu ifuatwayo na mashine nyingi hata sasa ingawa imefanyiwa marekebisho mengi: anza taratibu, ongeza kidogo kidogo maadamu njia ni nyeupe, na ukiona mzigo umepotea, jua kwamba mmesongamana, upunguze mara moja, kisha uanze kupanda tena. Kwa hiyo kupanda na kushuka si ugonjwa wa intaneti. Ni heshima ambayo mashine zinapeana njiani. Upau unatakiwa kutabiri mwendo wa msafiri ambaye kazi yake ni kuwapisha wasafiri wengine, na hao wengine hauwaoni.

Katika Kakuma wasafiri hao ni wengi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo wameingia Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo, hata mwaka 2016 makao mapya ya Kalobeyei yakafunguliwa magharibi yake. (Vitabu na magazeti ya Wazungu hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya “mahali pasipo mahali”, nami, ambaye lugha hii ndiyo mkate wangu, sijapata kulikuta neno hilo na maana hiyo katika kamusi wala kinywani mwa mtu.) Simu katika mji huu ni benki, shule na baraza. Hata posho ya chakula, kuanzia mwaka 2015, sehemu yake ilianza kuletwa kwa simu chini ya mpango ulioitwa Bamba Chakula, mtu akapokea thamani yake kwa tarakimu akaenda kununua kwa mwenye duka. Mnara mmoja wa simu huwagawia wengi kati yao ulichonacho. Na saa za jioni, mpira unapochezwa Ulaya na kila kijana anataka kuuona, fungu la kila mmoja hupungua.

Sasa nitaomba ruhusa ya msomaji nimwonyeshe hesabu kwa karibu, kwani humu ndimo jambo lilimo. Tuseme faili lina megabaiti 600. Kwa dakika 5 za kwanza limekwenda vizuri, nusu megabaiti kila sekunde, hata zimefika 150. Upau unasema zimebaki dakika 15, na kila mtu ameridhika. Katika dakika ya sita mpira unaanza, kasi inaanguka kuwa sehemu ya kumi ya megabaiti kwa sekunde, na mwisho wa dakika hiyo zimeongezeka megabaiti 6 tu, zimebaki 444. Je, upau useme nini?

Ukiisikiliza sekunde ya mwisho peke yake, utasema dakika 74. Ukichukua wastani wa safari nzima tangu mwanzo, utasema dakika 17. Ukifuata njia ya kati, wapendayo mafundi wengi, ya kuipa kasi ya zamani sehemu tisa za imani na ya sasa sehemu moja, utasema dakika 16. Majibu matatu yaliyotafautiana namna hiyo yametoka katika habari zile zile, kwa hesabu isiyo na kosa hata moja, na wala hakuna katika hayo matatu lijualo kwamba mpira una mapumziko. Fundi anayeandika programu lazima achague mojawapo, na kila uchaguzi una taksiri yake: mwenye kuamini sekunde ya mwisho atapata upau wenye kiherehere, unaosema dakika 4, kisha saa 3, kisha dakika 9, kama mtu aliyepatwa na homa, na mwenye kuamini historia nzima atapata upau mzito wa kusikia, unaoendelea kuahidi dakika 2 muda mrefu baada ya mambo kuharibika. Huu wa pili ndio uliokuwa mbele yangu wakati wa sala ya alasiri, hata ulipoamka mwishoni ukasema 47.

Hayo ni ya kasi. Kazi iliyobaki nayo, ambayo mtu angeidhania ni jambo la yakini, ina udanganyifu wake. Siku ya pili yake nilimwomba yule kijana aniwekee nakala katika flashi: filamu moja niliyopewa, na pamoja nayo folda ya picha na hati zilizokuwa maelfu, zote ndogo. Kwa uzito filamu na folda zilikaribiana. Filamu iliingia kwa mwendo mmoja hata ikamalizika, lakini folda ikaanza kukokota miguu, upau ukiwa umesimama na majina ya mafaili yakipita chini yake mbio nisiweze hata kuyasoma. Katika mchanga wa mto Tarach, upitao kando ya Kakuma, niliona wanawake wamechimba shimo, mmoja ameingia ndani anachota maji kwa kata anajaza mitungi ya lita 20. Mtu akimpa mitungi kumi, atajaza lita 200 kwa muda fulani; akimpa lita 200 hizo hizo katika vikombe vya chai, kila kimoja kifunguliwe, kijazwe, kifunikwe, kiandikwe jina la mwenyewe na kupangwa, maji ni yale yale lakini siku haitatosha. Kompyuta hufanya vivyo kwa kila faili: hulifungulia nafasi, huliandika katika daftari lake, huihakikisha kazi, hulifunga. Upau uhesabuo maji husahau vifuniko, na upau uhesabuo vikombe huuhesabu mtungi sawa na kikombe.

Tena lipo jambo la mwisho wa kazi. Upau ulipofika asilimia 100 nilinyoosha mkono nichomoe flashi, kijana akanishika kifundo. “Usitoe bado, mzee. Imedanganya.” Akanieleza, na maelezo yake ni sahihi, ya kwamba kompyuta hupenda kuyapokea mafaili kwanza katika kumbukumbu yake yenye kasi, ikayahesabu kuwa yamekwenda, kisha ikayamimina taratibu katika flashi ambayo ni nzito, na mwenye kuchomoa wakati huo huondoka na majina yasiyo na kitu ndani. Taa ndogo ya flashi ilikuwa bado inapepesa. Ilipepesa muda ambao mtu angeweza kunywa chai.

Katika kusimikwa kwa programu mpya, mwisho huo ni mzito zaidi. Kazi ina hatua ishirini, fundi akazigawia kila moja asilimia 5, au akazipima kwenye mashine yake mpya, juu ya meza yake, katika mji wenye stima isiyokatika. Kisha programu ikaja Lodwar katika kompyuta kongwe iliyojaa vumbi na joto la nyuzi 35, na hatua ya ishirini, ambayo kwake ilikuwa ya kufumba na kufumbua, hapa ikawa ndefu kuliko kumi na tisa zilizotangulia. Tom Cargill wa Maabara ya Bell alikuwa na mzaha juu ya waandishi wa programu wenyewe, kwamba tisini katika mia za kwanza za kazi huchukua tisini katika mia za wakati, na kumi zilizobaki huchukua tisini nyingine.

Mtu wa Turkana hahitaji kompyuta ili auelewe mzaha huo. Ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ilijengwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, na kufikia mwaka 2017 yote ilikuwa imesimama. Ungeuliza kwa hesabu ya mitambo, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini waya wa kuupeleka umeme huo Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari, kwa kuwa nguzo hupita katika mashamba ya watu na fidia haihesabiwi kwa nguzo, na mkandarasi wa Kihispania naye alikuwa ameingia katika taabu ya fedha. Mapanga yakakaa bila ya kazi katika upepo mkali hata Septemba 2018 waya ulipounganishwa. Na upande huu wa ziwa, mafuta ya Lokichar yalitangazwa Machi 2012, malori ya kwanza yakaanza kuyabeba kuelekea Mombasa Juni 2018, meli ya kwanza ikaondoka nayo Agosti 2019, na mwaka 2020 malori yakasimama. Mwaka wa kuanza uchimbaji kamili umetajwa na kusogezwa mara nyingi, na mwaka 2025 kampuni ya Tullow ikakubali kuiuzia Gulf Energy mali yake ya Kenya. Nilipomtajia habari hizo mzee mmoja wa Lodwar, alicheka akasema kwamba mafuta nayo yamebakiza dakika mbili.

Maadamu kusema kweli ni kugumu, wamo waliochagua kusema vizuri. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake walichunguza namna macho ya watu yanavyoupima wakati mbele ya upau, wakaona kwamba pau mbili zilizochukua muda sawasawa hazikuonekana sawa: ule uliozidi kukimbia kadiri ulivyokaribia mwisho ulionekana mfupi, na ule uliositasita karibu na mwisho ulichukiwa kuliko yote. Mwaka 2010 Harrison akaonyesha tena kwamba upau wenye mistari inayotiririka kurudi nyuma huufanya muda uonekane umepungua kwa kiasi cha asilimia 11. Hapana dakika hata moja iliyopunguzwa; kilichopunguzwa ni uchungu wake. Wengine wataiita hadaa, nami nusura niiite hivyo, lakini nikakumbuka kwamba mama yangu, akipika maharage nasi watoto tunalia njaa, alikuwa akikifunua chungu mara kwa mara ili harufu itoke.

Na wamo walioacha kutabiri kabisa, wakaweka kigurudumu kinachozunguka bila ya tarakimu. Kigurudumu hicho kina uaminifu wake, kwa kuwa hakidai kujua. Lakini kukitazama ni adhabu, na mji wa Lodwar unayo historia ya adhabu hiyo. Jomo Kenyatta alipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 alipewa miaka 7, akaitumikia Lokitaung katika kaskazini ya Turkana. Ilikuwa hukumu ya kazi ngumu, walakini ilikuwa na tarakimu, na mfungwa aliweza kuutoa kila mwezi uliopita. Mwaka 1959 kifungo hicho kilikwisha, naye hakwenda kwao. Alipelekwa Lodwar, kwenye nyumba na jua na amri ya kutoondoka isiyokuwa na tarehe ya mwisho. Akakaa hapo hadi 1961, alipohamishwa Maralal, na Agosti ya mwaka huo ndipo alipoachiwa. Nimesimama Lodwar mchana wa adhuhuri, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenziwe, nikajiuliza ipi kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa ndefu kwake.

Wanahesabu wana neno lao pia, nalo ni kali. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwapo kanuni moja ambayo, ikipewa programu yoyote ile, itaweza kusema bila ya kukosea kama programu hiyo itafika mwisho au itazunguka milele. Kunakili picha katika flashi si fumbo la kiasi hicho, na fundi asijifiche nyuma ya Turing kwa uvivu wake. Ila ni vyema mwenye kukasirikia upau ajue kwamba swali la “lini” lina ndugu yake mkubwa, “je, itakwisha”, ambalo halina jibu la jumla.

Ule mzigo wangu wa Jumamosi ulifika Nairobi saa tatu na nusu usiku. Stima ilikuwa imepotea mara moja katikati, kijana akawasha jenereta, na kwa bahati programu ilikuwa na akili ya kuendelea pale ilipoachia badala ya kuanza upya. Nilipouliza deni langu niliogopa, nikikumbuka saa zote nilizokikalia kiti chake. Lakini alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ambapo bei zilipangwa kwa faili na kwa kurasa, bila ya saa popote. Zamani, akasema, alikuwa akitoza kwa dakika, na kila siku alikuwa na ugomvi na wateja waliodai kwamba dakika zilikuwa za mtandao si zao, naye akiwaambia si zake pia. Akafungua daftari la shule, akaandika jina la Nairobi, idadi ya mafaili, na mbele yake neno moja: limefika. Katika ukurasa mzima hapakuwa na safu ya kazi zilizobaki.

Alfajiri ya Jumatatu nilikwenda stendi kutafuta gari la kunirudisha Lodwar. Palikuwa na Probox moja nyeupe, imefunguliwa milango yote, mizigo imefungwa juu, na ndani wamekaa mama mmoja na mtoto wake na vijana watatu wenye usingizi. Utingo alinipokea begi kabla sijasema nendako.

“Ingia, mzee wangu, tunatoka sasa hivi. Bado wawili tu.”

Nikamwuliza, hao wawili wako wapi? Akanyoosha kidole upande wa kambi, mahali ambapo vumbi la jana lilikuwa bado halijatulia. Nikaliacha begi juu ya kiti cha dirishani linishikie nafasi, nikarudi kwa mama wa Kihabeshi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anawasha makaa.